Jumamosi Kirumba: Mkonga, Prado au RAV4?

Ukiingia Kirumba asubuhi, pua ndiyo inayofika kwanza. Hujaona ziwa, hujaona hata kuta za uwanja wa CCM Kirumba, lakini dagaa wa Mwaloni wameshakupokea. Mgeni anatafuta leso. Mwenyeji anavuta hewa kwa raha zake, maana kwake hiyo ni harufu ya ada za shule na mabati ya nyumba.

Mimi si mgeni tena, nina mwaka wa nne Mwanza. Lakini Jumamosi hiyo mimi na mchumba wangu hatukufuata samaki. Tulikwenda kuangalia gari.

Tulikuwa tumechanga miaka mitatu kwenye akaunti moja (ndiyo, akaunti ya pamoja kabla ya ndoa; shangazi zangu walishasema yote, huna jipya la kuongeza). Pesa ilifika mahali pa kununua gari moja lililotumika. Moja tu. Mwenzangu alitaka Land Cruiser ya mkonga. Mimi nilitaka RAV4, ile ambayo mjini tunaiita Kili Time. Zote Toyota, kwa hiyo ungedhani tuko timu moja. Wapi! Tulishanuniana wiki mbili nzima kwa sababu hiyo, simu tunapigiana za "umekula?" na "nimekula", basi.

Kwa msomaji ambaye magari si fani yake: mkonga ni lile bomba jeusi linalopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Kazi yake ni kuvuta hewa kutoka juu ili gari likivuka mto injini isinywe maji. Sisi Wabongo tukachukua jina la bomba tukalipa gari zima, ile Land Cruiser ya mraba ya toleo la 70. Unaijua. Ni gari la wagonjwa la wilaya, gari la misheni, gari la watalii lililofunguliwa paa. Haina mbwembwe, haina umbo, na kiti chake cha abiria wa nyuma kinakutazamisha magoti ya mwenzako mpaka mwisho wa safari.

Nilikuwa na tafsiri yangu. Nilijiambia huyu bwana anataka kuonekana mjini. Wanaume wa rika lake, akishapanda cheo kidogo, anataka kukaa juu. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupaka mafuta: kama ni kuonekana si ununue viatu vyenye soli ndefu? Hakujibu. Nikahesabu nimeshinda.

Kijiweni

Gari lenyewe lilikuwa kwenye gereji ya wazi, kati ya barabara ya uwanja wa ndege na ziwa, mahali ambapo upepo ukigeuka unapata dizeli na dagaa kwa wakati mmoja. Sofa ya wageni ni siti ya nyuma ya Hiace. Meza ni injini iliyokufa, imefunikwa ubao. Pale kila Jumamosi wanakusanyika watu ambao wengi wao hawana gari bovu hata moja la kutengeneza. Wamekuja kubishana. Swali ni moja, na nimeambiwa lina miaka: katika Toyota za porini, ipi ni baba lao?

"Shemeji karibu, kaa hapa penye kivuli," fundi akanipisha. Ushemeji umepatikana ndani ya dakika mbili. Ndiyo Mwanza hiyo.

Kijana mmoja akataja Land Rover, na nikaona watu wanavyogeuka kama mtu aliyepiga chafya msibani. Akaambiwa aende Arusha, ambako Oktoba 2024 wenye Land Rover walijaa kwa mamia kwenye tamasha lao. Aliyemtetea ni mzee mmoja, dereva mstaafu wa serikali, shati limenyooka utadhani bado yuko zamu. Alisema heshima iwepo, miaka ya nyuma nchi hii ilitembea kwa Land Rover, na hata jina la Land Cruiser liliwekwa ili lisipungukiwe mbele ya la Mwingereza.

Mzee hakukosea. Toyota walitengeneza gari lao la kwanza la aina hii mwaka 1951 wakaliita Jeep, na mwaka huohuo likapanda mlima Fuji mpaka kituo cha sita ili kuwashawishi polisi wa Japani walinunue. Wamarekani wenye jina la Jeep wakalalamika, ndipo mwaka 1954 likabatizwa Land Cruiser. Mkonga wetu ulizaliwa 1984. Umefanyiwa marekebisho, mwaka 1999 wakalainisha springi za mbele, 2023 Japani wakaurudisha sokoni kwao na injini mpya, lakini sura ni ileile ya mraba. Ni gari gani jingine unalolijua lililoingia uzeeni bila kufanyiwa sajari?

Baada ya hapo kila mtu akavuta upande wake. Dereva wa watalii, anayepeleka wageni Serengeti kupitia lango la Ndabaka, alikuwa wa mkonga bila mjadala. Anasema ukanda ule wa magharibi mvua ikishanyesha, udongo mweusi unageuka gundi, na mgeni aliyelipa dola zake haelewi neno "tumekwama". Jamaa wa benki, tai mfukoni, alisimama na Prado: inapanda mlima, inazama kwenye vumbi, na Jumapili unaishuka mbele ya kanisa suti haijakunjamana. Hapo nilimwelewa sana. Mzee naye, baada ya kutetea Land Rover, moyo wake kumbe uko kwenye VX ya toleo la 100, lile shangingi lililoanza kutoka mwaka 1998. Aliendesha moja mpaka akastaafu. Alivyokuwa anaisimulia, ungedhani anazungumzia mke wa kwanza.

Shangingi! Nikaingilia. Kwa nini gari la wakubwa, ambalo limepigiwa kelele bungeni miaka nenda rudi kwa kula kodi zetu, lipewe jina la kumsemea mwanamke aliyejaa mapambo na mambo mengi mjini? Gari linakaliwa na mheshimiwa mwanaume, linaendeshwa na mwanaume, limesainiwa na mwanaume, tusi tupewe sisi. Kimya. Hiyo mada haikuwa na mtaalamu pale.

Fundi ndiye aliyenishika masikio. Yeye hakubishania ukubwa wala urembo. Alinyanyua boneti ya ule mkonga, akatuonyesha injini. Inaitwa 1HZ, ya dizeli, lita 4.2, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, haina tabo. Nguvu zake hazifiki hata farasi 140, yaani gari zito kama lile linapanda mlima taratibu, kwa adabu. "Lakini tazama shemeji, nionyeshe waya." Nikatazama. Waya chache tu. Pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa vyuma, si kwa kompyuta. Ikikorofisha ukiwa katikati ya Magu na Bariadi, atatokea mtu mwenye spana na mafuta mikononi, atasikiliza, atakwambia tatizo. Ukija na V8 ya toleo la 200, lile lililofuata mwaka 2007, taa ikiwaka kwenye dashibodi unahitaji mtu wa mashine ya kupimia, na huyo yuko mjini. Prado zenye dizeli ya tabo, akaongeza, ni tamu, lakini zile za miaka ya tisini ukiacha zichemke mara moja tu, silinda hedi inapasuka. Jamaa wa benki akaangalia pembeni.

Hapo nikaanza kuona ubishi wao haukuwa wa magari tu. Kila mmoja alikuwa anatetea barabara yake. Mtalii ana Ndabaka yake, mzee ana misafara yake ya lami, wa benki ana kanisa. Nikachomeka hoja yangu, na niliiandaa tangu nyumbani. Nikasema jamani, barabara hizo za mateso ziko wapi siku hizi? Mwanza kwenda Musoma lami, kwenda Shinyanga lami. Kigongo na Busisi tulikuwa tunakaa foleni ya kivuko mpaka mahindi ya kuchoma yanaisha; tangu tarehe 19 Juni 2025 tunapita juu ya daraja la kilomita tatu, dakika chache uko Sengerema, hata kwa Vitz. Mkonga wa nini? RAV4 inatosha, inabaki.

Wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mzee akasema shemeji anajua kusema. Ndipo mchumba wangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Ng'ombe wawili

Akasema lami inaishia lami. Kwao ni ndani ya Magu, unaiacha barabara kuu unaingia kilomita kama tisa. Sehemu ya kwanza ni luseni, kichanga cha mwinuko, hapo hata baiskeli inapita. Ukishuka bondeni unakuta mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu na masika unashika kila kinachogusa. Machi, miaka mitano iliyopita, mama yake alipandwa na presha usiku. Kaka zake wakakodi gari dogo kutoka senta. Lilifika. Kurudi, katikati ya mbuga, likazama mpaka milangoni. Walisukuma mpaka saa nane usiku, mama yuko siti ya nyuma anaongea maneno yasiyoeleweka.

"Gari lililomfikisha mama lami," akasema, "lilikuwa mkokoteni wa ng'ombe wawili."

Mama alipona. Mkono wa kushoto ndio haukurudi sawasawa. Mimi mkono ule naujua, ndio ulionipokea siku ya kwanza nilipopelekwa kutambulishwa, na niliambiwa ni baridi yabisi. Miaka mitatu tuko pamoja, tunajua namba za siri za simu, tunajua mishahara, halafu habari hii naisikia gereji, mbele ya watu wenye oveoli, nimekalia siti ya Hiace. Sikujua nianze kukasirika au kulia. Nikatazama ziwa.

Hakuna aliyesema "pole" haraka, na nilishukuru. Mzee ndiye aliyevunja ukimya. "Mkonga ungepita."

Fundi akatikisa kichwa. Akapiga teke gurudumu la ule uliopo pale. "Kwa tairi hizi? Ungelala palepale. Hizi za lami. Udongo wa mbuga ukijaa kwenye hizi kashata, tairi inakuwa chungu cha udongo, inazunguka tu. Unataka tairi za tope, upunguze upepo, na uingie na gia ya nguvu kabla hujazama, si baada." Halafu akasema kitu ambacho nimekikumbuka mpaka leo, kwamba nusu ya magari aliyokwenda kuyatoa kwenye matope yalikuwa ya nguvu ya magurudumu manne. Dereva wa gari dogo anaogopa, anarudi. Wa Land Cruiser anaamini jina.

Mama wa dagaa

Tulilijaribu gari. Mwenye gari akatuachia fundi, tukapanda njia za juu, zile za milimani ambako nyumba za Kirumba zimekaa juu ya mawe kama kuku kwenye mti. Nikaendesha mimi. Sitadanganya, wasomaji: raha yake si mchezo. Unakaa juu, unaona ziwa lote, mitumbwi, paa za Mwaloni, na jiwe ambalo Vitz ingelilia unalipita kama hukuliona. Klachi ngumu, usukani unahitaji mabega, gari linaruka, na mimi nacheka peke yangu. Nikamwona mchumba wangu ananitazama kwenye kioo. Hajawahi kuniona nikifurahia hoja yake.

Kwenye kona tukampakia mama mmoja mwenye magunia mawili ya dagaa, fundi anamfahamu. Shikamoo, marahaba, mwadila, mwadila. Akauliza kama ndiyo tunanunua. Nikamwambia tunafikiria. Mama akapapasa bati la mlango kwa kiganja, kama anayepima kitenge.

"Mwanangu, kwa mama mkwe unakwenda mara ngapi kwa mwaka?"

Nikahesabu. Krismasi, Pasaka, labda msiba na harusi. Mara nne, tano.

"Na kazini?"

Kila siku, mama.

"Na huyu anakunywa dizeli kila siku, si mara nne." Halafu akageukia kwa mchumba wangu, maana mama wa Mwaloni haegemei upande. "Lakini baba, siku ya mgonjwa nayo haiandikwi kwenye kalenda." Akaendelea kutuambia yeye mizigo yake ya kwenda kwa Wakongo na Warundi inapanda fuso, ila ya vijijini anakodi Hilux. Toka aanze biashara, Hilux. Haijui sifa, haijui kanisa, akasema, inabeba. Akashuka sokoni na magunia yake, hakungoja tumjibu.

Tuliporudi gereji fundi akaingia uvunguni na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Akatuita tuchungulie, nikapiga magoti na gauni langu. Akagonga chesisi na bisibisi, upande mmoja ikalia kama kengele, upande mwingine ikalia kama debe. Imeungwa kwa kuchomelea, sehemu mbili, ikapakwa rangi nyeusi juu. Alisema gari hili lilishapigwa, au lilibeba mizigo isiyo yake kwa miaka. Injini nzima, mgongo umevunjika. "Ningekuwa dalali ningewauzia," akasema. "Msinunue hii."

Kwa hiyo ukienda kutazama Land Cruiser kuukuu, ya mkonga au yoyote, injini iache mwisho. Watu wote wanafungua boneti, wanasikiliza muungurumo, wanatikisa vichwa kama madaktari. Lala chini kwanza. Chukua fundi ambaye si rafiki wa mwenye gari, mlipe muda wake, na muulize spea zinapatikana wapi, si Dar, hapo unapoishi. Na ukiagiza moja kwa moja kutoka Japani, kumbuka gari lenye umri mkubwa lina kodi yake ya uchakavu. Usikokotoe bei ya gari ukasahau hiyo, ndoa nyingi zimeyumba hapo.

Sato na daftari

Tulikula karibu na Mwaloni, sato wa kukaanga na ugali, kachumbari yenye pilipili ya kutosha. Ukiwa Kirumba usiagize chipsi, tafadhali, jiheshimu. Nyuma yetu walikuwa wanapakia kayabo, yale masangara yaliyokaushwa na chumvi yanayovuka mipaka kuliko sisi wenye pasipoti.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alichambua miba kwa muda, kisha akasema aliona aibu. Yeye ndiye aliyesoma, yeye ndiye aliyeko mjini na mshahara, na usiku ule alikuwa kwenye semina Dar, hoteli yenye kiyoyozi. Simu ya kaka yake aliiona asubuhi. Alisema kila akiona mkonga barabarani anahesabu: huu ungefika saa ngapi?

Nilikuwa na maneno mengi. Sikuyatumia. Nikatoa daftari kwenye mkoba, kalamu, tukapiga hesabu upya. Safari za kazini Nyamanoro mpaka mjini, kila siku, na mimi ndiye ninayeendesha. Safari za Magu. Dizeli. Tairi za tope, seti moja, zikae stoo mpaka masika. Nikaandika RAV4, nikaikata mwenyewe. Ina nguvu ya magurudumu manne lakini tumbo lake liko chini, kwenye mbuga lingekaa kama bata. Akaandika mkonga, akautazama, akaweka alama ya kuuliza. Nikaandika Hilux, ya milango minne, ile ya dizeli ya lita 3 isiyo na tabo. Injini ya 5L, fundi alikuwa ameitaja kwa heshima. Nyuma inaingia godoro, kama ikibidi.

"Godoro la nini?" akauliza, halafu akaelewa, akanyamaza.

Hatujanunua. Fundi amesikia kuna Hilux moja Nyegezi, mwenyewe ni mwalimu, anaiuza kwa sababu anajenga. Mwenzangu bado anasema Hilux si gari, ni toroli yenye redio, na kijiwe kizima kinamuunga mkono isipokuwa mama wa dagaa, ambaye haji kijiweni kwa sababu ana kazi. Jumamosi tunarudi. Nitavaa suruali safari hii, nilale uvunguni mwenyewe.

Jioni ile tulimpigia mama Magu. Nikachukua simu mimi, nikamsalimia, nikamuuliza mvua huko imeanza? Akasema bado, mawingu tu.